Mwunga Mifupa Avunjika Mguu

Okanya wa Iyolwa alikuwa ameunga mifupa ya watu kwa miaka ishirini na minane, na kwa maringo aliyokuwa nayo ungedhani ameiumba yeye. Vijiti viwili, magome, mafuta ya moto, kamba, basi. Wiki sita mtu anashika jembe. Ila mfupa uliotoboa ngozi hakuugusa hata siku moja. Huo aliutazama tu, akamvuta ndugu wa mgonjwa kando na kumnong'oneza wakimbilie hospitali, tena wasimtaje. Mjanja yule, usimwone hivi.

Sasa bodaboda ikamwangusha Busia, mpakani upande wa Uganda, na mfupa wa muundi wake mwenyewe ukachungulia nje. Kurudishwa hospitali ya Tororo, karibu na kwao, hakutaka, maana huko hata walinzi wa getini wangemjua. Akaomba avushwe upande wa Kenya, na hospitalini akajiandikisha kwa jina la Vincent.

Daktari alisafisha jeraha, akafunga vyuma, kisha akapanga kando ya mfupa shanga ndogo za saruji maalumu iliyochanganywa na dawa. Nesi Caro alimweleza kwamba shanga hizo zinaachia dawa polepole, palepale penye hatari, ili vijidudu visiozeshe mfupa, na baadaye zitatolewa. Okanya akauliza maswali mpaka nesi akachoka, akataka kujua kama Mzee Vincent alikuwa mwalimu. Okanya akajibu kuwa yeye analima mihogo tu. Uongo mtupu, na haya hana.

Siku ya tisa kitanda cha jirani kikapata mgeni. Ni Osinya wa Kirewa, mpakiaji wa mizigo, ameangukiwa na magunia mpakani na mfupa uko nje. Kusikia habari za vyuma na shanga, akakataa katakata kutia sahihi karatasi ya kukubali upasuaji. Mama yake, alisema, yuko njiani kwenda Iyolwa kumwomba yule fundi.

"Mimi nakwenda kwa Okanya," akasema. "Yeye hawezi kuniwekea mashanga kama bibi harusi."

Okanya akavuta shuka mpaka kichwani. Aliogopa, tena sana. Akisema, jina lake limekwisha. Akinyamaza, huyu atapelekwa Iyolwa kungoja mtu asiyekuwepo, na mguu unaoza.  Kisha akalitupa shuka pembeni, mguu na vyuma vyake vyote vikaonekana.

"Okanya ni mimi," akasema. "Na mfupa uliotoka nje sijawahi kuunga. Hata wangu nimeuleta hapa."

Caro akasoma jina kwenye faili, akamtazama mwenye faili, akaamua kutouliza. Osinya aliuangalia ule mguu kwa muda mrefu, halafu akaomba karatasi. Alipomaliza kutia sahihi akampigia simu mama yake, ambaye alikuwa amekwisha kufika Iyolwa na kukuta mlango umefungwa.

"Mama, rudi," akamwambia. "Okanya yuko huku. Amelazwa."