Mtapo Wenye Kadi ya Meno

Mama Kadi hakumbuki majina ya watu, anakumbuka meno yao. Niliwahi kuongozana naye sokoni, tukapishana na bwana mmoja wa suti, Mama Kadi akamsalimu kwa heshima zote, kisha akaniambia kwa sauti ambayo yule bwana lazima aliisikia kwamba huyo ni gego la chini kushoto na alilia kuliko watoto. Miaka ishirini na miwili amekaa kwenye meza ya mapokezi ya kliniki yetu ya meno, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na hakuna mdomo uliopita pale bila yeye kuufungulia kadi. Jina alilopewa na wazazi wake nadhani analitumia benki tu.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Nakaa chumba cha nyuma na plasta yangu na nta yangu, na mambo ya mapokezi hayanihusu. Nasema hivi mapema ili ieleweke kwamba katika haya niliburutwa.

Kilichoniburuta ni mtapo. Kama hujawahi kuuona, ni mmea unaofanana na mnazi uliogoma kurefuka: shina nene, fupi, lenye magamba, na juu yake majani marefu magumu yaliyojipanga duara, kila jani na ncha zake za kuchoma. Mama Kadi aliupata ukiwa mdogo kama kitunguu, mwaka wake wa kwanza kazini, akaupanda kwenye kopo la maziwa. Sasa umo kwenye chungu ambacho watu wawili hawakibebi bila kugombana, chini ya dirisha la chumba cha kusubiria. Watoto wake wameoa na kuolewa mbali, na yeye anakaa chumba kimoja kisichoona jua, kwa hiyo mtapo ukitoka kliniki hauna pa kwenda. Kila asubuhi anaufuta vumbi jani kwa jani huku akiusimulia habari za jana. Nimemsikia, na si habari za kumsifia mtu.

Jumatatu moja bosi wetu mpya, daktari kijana aliyeinunua kliniki miezi miwili nyuma, alisimama mbele ya mtapo akiwa ameshika shavu kama mtu anayetafakari. Ni mtu nadhifu kupita kiasi, kalamu zake zimepangwa kwa urefu. Majani yalikuwa na madoa meupe, mengine mabaka yaliyofifia, mengine yamekauka ncha na kugeuka kahawia. Akasema watu wanakuja kutibiwa halafu wanapokelewa na mgonjwa, na kwamba ameshamwita mwenye mkokoteni aje Ijumaa saa sita mchana auzoe ukatupwe jalalani.

Chumba kilikuwa kimejaa watu wenye mashavu yaliyovimba, wote wakageuka kumtazama Mama Kadi. Yeye akavaa miwani.

"Daktari," akasema, "kabla ya kung'oa jino si tunauliza kwanza lina nini?"

Bosi akawatazama wagonjwa, nao wakamtazama yeye. Akasema haya, mpaka Ijumaa hiyo hiyo saa sita. Akiambiwa ugonjwa ni upi, umesababishwa na nini na utapona vipi, mtapo utabaki. Asipoambiwa, unakwenda. Mama Kadi alimshukuru vizuri sana, akavuta droo, akatoa kadi mpya. Akaipangusa kwa kiganja kama anavyoupangusa mtapo, na hapo ndipo nilipofanya kosa la kumwonea huruma na kusogea karibu.

Kadi zetu zina mchoro wa kinywa uliogawanywa robo nne, na kila jino lina namba yake. Mama Kadi hajui njia nyingine ya kumwandika mgonjwa. Kwa hiyo aliuandika mtapo hivyo hivyo: umri miaka ishirini na miwili, analalamikia madoa, hajawahi kulazwa. Akaugawa robo nne, robo ya kwanza upande wa mlango, ya pili upande wa ukuta, ya tatu dirishani, ya nne upande wa kona wanakoacha miavuli. Akanituma nizunguke na wembe wangu wa nta nikimtajia hali ya kila jani, naye anaandika. Majani yalikuwa ishirini na tisa. Akatikisa kichwa na kusema matatu yameshang'oka, hakuna aliyeuhimiza kupiga mswaki.

Nilicheka, nakiri. Lakini tulipomaliza nikaitazama ile kadi na kicheko kikanikauka. Ugonjwa haukuwa mmoja, na kila mmoja ulikuwa na mtaa wake.

Madoa meupe yalikuwa robo zote, hasa chini ya majani. Nilipoyakwangua kwa ncha ya wembe yalibanduka mazima, yakaacha alama ya manjano. Nikaenda kuchukua kioo changu cha kukuzia, na chini ya kila kigamba nikaona kijidudu kimejikunyata kinafyonza. Daktari wetu wa kike, ambaye tunamwita Mkono Mwepesi kwa sababu anakuonyesha jino lako wakati wewe bado unasubiri aanze, akatoka chumba cha matibabu akatazama mara moja tu. Akasema huo ni ugaga, ule uchafu unaoganda kwenye meno, sema huu una miguu. Basi Jumanne nzima miswaki iliyochakaa na maji ya sabuni vilizunguka chumba cha kusubiria. Wagonjwa walisahau maumivu yao. Mwalimu mmoja mstaafu alipiga mswaki majani manne, juu chini, juu chini, na zamu yake ilipoitwa akasema anampisha mwingine kwanza.

Jumatano tukaamua kesi ya robo ya tatu. Mabaka yale hayakukwanguka, yalikuwa makavu kama karatasi, tena juu ya jani tu, upande unaotazama kioo cha dirisha. Mama Kadi akahesabu kwa vidole: pazia liliondolewa lini? Liliondolewa na bosi wiki ya kwanza, alisema linaleta vumbi. Jua la mchana lilikuwa limeuchoma mtapo uliozoea kivuli. Akaleta shuka lake la zamani kutoka nyumbani, lile la maua makubwa mekundu, akalitundika. Kliniki ikafanana na chumba cha bibi harusi.

Ikabaki robo ya nne, na hiyo ilitutesa. Ncha zimekauka, na katikati ya majani kuna matone ya kahawia yaliyozungukwa na manjano, mengine mapya kabisa, hayakuwepo jana yake. Si wadudu, si jua, maana kule kona jua halifiki. Juu ya udongo wa upande ule kulikuwa na utando mweupe. Mama Kadi alidhani ni ukungu. Mimi, katika kazi yangu, plasta na unga vinavyofanana ni vingi na njia ya haraka ya kuvitofautisha ni ulimi. Nikachovya kidole, nikaonja.

"Chumvi," nikasema.

Tulitazamana. Nani anaupa mtapo chumvi? Wagonjwa waliong'olewa jino huambiwa wasukutue kwa maji ya chumvi, lakini nyumbani kwao, tena kesho yake. Alhamisi saa saba, chumba kilipokuwa kitupu na mlinzi amekwenda kula, tulijificha nyuma ya mlango wa chumba changu tukiuacha wazi kiasi cha jicho moja, na kwa kuwa macho yalikuwa manne tulisukumana sana.

Bosi akatoka ofisini kwake na glasi mkononi. Ofisi yake haina sinki. Sinki liko chumba cha matibabu, na humo Mkono Mwepesi hula chakula chake cha mchana. Alitembea mpaka dirishani kama mtu anayetazama mtaa, akabugia maji, akainamisha kichwa upande, akasukutua taratibu kwa uchungu mkubwa, macho ameyafumba. Kisha akageukia kule kona na kutema kwenye chungu.

Sikusubiri kuona zaidi. Nilikuwa nimeonja ule utando, jamani. Nilisukutua mara tano kwa dawa ya kliniki na mara ya sita kwa spiriti, na Mama Kadi alilazimika kuuma leso yake ili asisikike akicheka. Ila kicheko kilipoisha alikaa kwenye stuli yangu akiitazama kadi. Jibu alikuwa nalo, kamili, la kuuokoa mtapo wake. Ila lilimtaka aende kumwambia bosi usoni kwamba ugonjwa ni yeye.

Ijumaa saa tano na nusu aliingia ofisini kwa bosi na kadi, mimi nikiwa nyuma yake kama shahidi asiyetaka kutajwa. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya mapokezi: magamba, yamesuguliwa, yataendelea kusuguliwa kila wiki. Mabaka, jua, pazia limerudi, majani yaliyoungua hayatapona lakini mapya yatatoka salama. Bosi alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na kwa kweli alivutiwa. Akauliza, na robo ya nne?

Mama Kadi akavua miwani, akaikunja kadi mara mbili.

"Hiyo sijaiandika, baba, na sitaiandika," akasema. "Jino lako linakuuma tangu lini?"

Bosi alitazama kalamu zake, akazipanga upya. Akasema wiki sita. Akasema yeye ameng'oa mamia ya meno na hakuna mtu aliyewahi kuingiza chuma kinywani mwake, na akiona koleo limegeuziwa upande wake anatafuta mlango. Angemwambiaje Mkono Mwepesi? Angemwambiaje mtu yeyote? Kisha akauliza, kwa aibu ya kweli, kama mtapo utakufa.

Mama Kadi alimwambia hautakufa, utamwagiwa maji mengi masafi chumvi ishuke itoke chini, na utasubiriwa. Halafu akamshika kiwiko, akampitisha kwenye foleni mbele ya watu, akampa namba kama mtu mwingine yeyote. Mkono Mwepesi akamwelekeza kwenye kiti. Sindano, ganzi, na Mama Kadi amesimama pembeni ameshikwa mkono mpaka vidole vikageuka rangi. Jino lilitoka. Bosi alifumbua macho akiwa na pamba mdomoni na nusu ya uso imelala, akatutazama sisi wote kwa furaha ya mtu aliyetoka jela.

Wakati huo huo tukasikia magurudumu nje. Ilikuwa saa sita kamili. Hakuna aliyekumbuka kumzuia mwenye mkokoteni, naye alikuwa ameagizwa na bosi mwenyewe, kwa hiyo aliingia, akasaidiwa na mlinzi, wakaubeba mtapo huku wakigombana, wakaupakia. Bosi aliukimbilia mlango wa nje akapunga mikono yote miwili kwa nguvu. Kusema hakuweza, ulimi ulikuwa na ganzi. Yule bwana akamwona bosi anapunga, akaelewa anahimizwa, akaongeza mwendo.

Basi watu wa mtaa wetu waliona mambo. Waliona daktari mwenye kitambaa cha mgonjwa kifuani, pamba mdomoni, akikimbiza mkokoteni huku akitoa sauti ya ng'ombe, na nyuma yake Mama Kadi amekunja gauni magotini, na nyuma yake mimi na nusu ya foleni ya wagonjwa, na mwalimu mstaafu akiwa na mswaki. Karibu na duka la kona bosi aliurukia mkokoteni na kukikumbatia kile chungu kwa mikono na miguu. Ncha za majani zilimchoma kila mahali na hakuachia.

Mwenye mkokoteni akasimama, jasho linamtoka. Akamgeukia Mama Kadi, maana ndiye pekee aliyeonekana kuwa na akili zake, akamuuliza huyu naye ana nini.

Mama Kadi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, ameegemea gurudumu. Alihangaika muda kabla ya kupata pumzi.

"Wote wawili ni wagonjwa wangu," akasema. "Warudishe ndani polepole."

Yule bwana akaugeuza mkokoteni, daktari akiwa bado juu yake.