Siku Uwanja Mzima wa Gurei Ulipokuwa Mimi

Sasa nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia na viatu, tena mimi ambaye sioni aibu haraka (muulize yeyote aliyekaa nami kambini Uganda). Na yote yalitoka kwenye neno moja nililosema nikichambua mboga: acha hivyo hivyo.

Mjukuu wangu Poni anaandika maneno ya kompyuta. Vita vilipowasukuma watu hadi uwanja wa kanisa letu hapa Gurei, shirika la misaada likampa kazi ya majaribio: kuandika draiva, yaani ile programu inayoifanya kompyuta ielewane na mashine ya alama za vidole iliyochomekwa kwa waya wa USB, ili kila mtu aweke kidole, ajulikane, apewe mtama wake. Kazi ikienda vizuri, anaajiriwa. Ikiharibika, anarudi kuuza chai na mimi.

Kwetu kazi haitoki nje kabla mkubwa wa nyumba hajaikubali, iwe mkeka, iwe pombe, kwa hiyo Poni akanisomea yake. Akasema, "Haboba," maana ndivyo tunavyoitwa bibi huku kwetu, "kuna mahali nina mashaka napo. Jenereta ikitikisa meza, waya unalegea, mashine inanyamaza. Nimeandika kwamba ikinyamaza, kompyuta ichukue jibu lake la mwisho, foleni isisimame." Nikamwambia hiyo ni akili kabisa, hata marehemu babu yake, masikio yalipokufa, alikuwa anarudia tu jibu alilotoa mara ya mwisho, na tuliishi naye vizuri. Acha hivyo hivyo.

Asubuhi ya kugawa nikasukuma watu nikawa wa kwanza, maana mashine ya mjukuu wangu nani aianze kama si mimi? Nikaweka kidole, uso wangu ukatokea kwenye skrini iliyotundikwa ili watu wote waone, nikapewa gunia langu, nikalikalia pale pale mbele ili nionewe wivu vizuri.

Jenereta ikakohoa, meza ikatikisika, waya ukalegea. Fundi baiskeli mmoja, ndevu hadi kifuani, akaweka kidole, skrini ikaonyesha uso wangu: Mama Sunday, mjane, ameshachukua. Akaja mama mjamzito: mimi. Kijana mcheza mpira: mimi. Mchungaji akafuta kidole kwenye joho, akaomba kidogo, akaweka: mjane, ameshachukua. Watu wakaanza kunitazama mimi na gunia langu, wengine wakisema nimekula chakula cha uwanja mzima, na yule mjamzito akaniuliza, "Haboba, tumbo yako iko na vyumba ngapi?"

Muhandisi aliyekuja kupima kazi akafungua maandishi ya Poni, akasoma, akavua miwani. "Nani alipitia hii kabla haijaletwa hapa?"

Ningeweza kunyamaza kama mashine, lakini kibarua kilichokuwa kinaota majani ni cha mjukuu wangu. Nikainuka kwenye gunia.

"Mimi."

"Mama, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la pili. Mwanzoni."

Uwanja ukaangua kicheko, muhandisi akajikaza, akashindwa, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomwokoa Poni. Akaambiwa afute ile sehemu, aandike kwamba mashine ikinyamaza kompyuta iseme wazi haikusikia, mtu arudie. Mimi, kwa vile ndiye mkaguzi, nikapewa kazi ya kushika waya. Nilichuchumaa pale mpaka jua likashuka, watu wakipita na mtama wao wakinisalimia mmoja mmoja, mchungaji naye: "Habari yangu, Mama Sunday?"

Poni aliajiriwa, na bado ananisomea. Siku hizi nauliza kwanza: ikinyamaza, itasema imenyamaza? Maana usiku ule, miguu imekufa ganzi, ndipo nilipokumbuka kwamba hata ile akili ya babu yake haikuwa nzuri hivyo. Kwa kurudia jibu lake la mwisho, "ndiyo", alikubali posa za koo mbili kwa binti mmoja, na zote mbili zikaleta ng'ombe siku moja.