Jina la Kwenye Kadi

Mwezi uliopita nilikuwa Masasi, nimekaa kibarazani kwa kaka yangu pale Mkomaindo, mwanawe akaniletea simu nitazame picha ya gari. "Shangazi, hii ndiyo Kadilaki ya siku hizi. Ona taa zake!" Nikamwuliza inaitwaje. Akanitajia herufi mbili na tarakimu moja, basi. Nikamwuliza tena, sawa, na jina lake? Akacheka, akadhani shangazi yake ameanza kuzeeka.

Sikuwa nimezeeka, nilikuwa nimeudhika. Ukoo wa gari hilo naujua tangu nina meno ya utoto, na niliufundishwa hapo hapo mtaani, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Jirani yetu alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge upande wa Lindi. Mzungu alipoondoka nchini alimwachia gari lake la Kimarekani, Kadilaki, refu, la rangi ya maziwa, na nyuma yake limebandikwa herufi za bati linalong'aa: Sedani Devili. Jirani akalileta Masasi, akalipatia na jina la nyumbani, Mgeni. Lilikuwa mgeni kweli, maana tumbo lake lilikwaruza kila tuta la njia zetu, na kuku wa mtaa mzima walilikimbia.

Alasiri, bibi yangu akiwa jikoni anachemsha ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, sisi watoto tulikwenda kukaa kwenye mkeka wa jirani. Alikuwa na kijitabu cha picha alichokikuta ndani ya gari, akatufundisha majina kama mwalimu wa chuo anavyofundisha alifu na bee. "Lilianza likiitwa Sitini na Mbili," alisema. "Likatoka humo Kupe Devili, milango miwili. Likakua, likawa Sedani Devili, milango minne. Kaka yao mkubwa, Fliitwudi. Na yule mtanashati wa ukoo?" Tukaitikia wote, mikono inanuka moshi wa korosho za kubanika, "Eldorado!" Naye akafunga kijitabu ameridhika. "Mnaona? Wamarekani nao wanajua. Mtu akikua, anabaki na jina la utotoni?"

Kwetu, ndugu yangu, hilo halikuwa swali la kujibu. Mtoto alipotoka jandoni au unyagoni alipewa jina jipya, na lile la zamani likaachwa huko huko. Kumwita mtu mzima kwa jina lake la utotoni ilikuwa ni kumtukana mchana kweupe. Jirani hakulitoa gari lake kwenye mila hiyo. Alipofunga springi za lori ili liinuke na kuziweza barabara zetu, alitangaza kwamba sasa limekua, jina lake ni Mwenyeji. Fundi aliyejisahau akaliita Mgeni alikaa wiki nzima hajibiwi salamu.

Mimi nilizaliwa nikaitwa Chiku. Nilipomaliza darasa la saba, Desemba ile nikaingizwa unyagoni, nikatoka naitwa Somoe. Kungwi wangu alinikazia macho: mtu akikuita lile la zamani, usigeuke, usipepese hata kope. Nilijivunia jina langu kuliko nguo mpya niliyovikwa. Nilipita mbele za nyumba za watu bila sababu, ili mradi mtu aniite.

Kisha ikaja barua. Nimechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, shule ya bweni ya wasichana kule Newala, na asiyefika siku iliyopangwa nafasi yake atapewa mwingine. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo alisomewa na jirani. Alipofika kwenye jina langu jirani akakohoa, akaliruka. Hakuna aliyemlaumu. Mtu mwenye adabu zake angefanya nini?

Siku ya kuripoti ilinyesha mvua, na basi halikutokea. Tulisubiri mpaka jua likapanda nyuma ya mawingu. Bibi akainuka, akakaza khanga kiunoni, akajitwika sanduku langu. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akasema. "Tutakwenda kwa miguu." Newala kwa miguu! Jirani alimtazama yule mama mzee akianza safari, akaingia ndani, akatoka na ufunguo. "Dada, tua sanduku. Mwenyeji atapanda Newala leo." Watu wakaangua kicheko. Tangu lifike Masasi, gari lile halikuwa limevuka tena hata Ndanda, mji wa jirani.

Lakini lilipanda. Kwenye mlima lilizama tope mara tatu, na mara tatu bibi alishuka kusukuma, sitasahau visigino vyake. Karibu na juu injini ikawa inatoa mvuke, na sisi hatuna tone la maji. Wanawake waliokuwa wakitoka bondeni na ndoo kichwani wakasimama. Enzi zile maji ya Newala yalifuatwa bondeni kwa mwendo wa asubuhi nzima. Mmoja aliuliza tunakwenda wapi, bibi akajibu, "Namsomesha huyu." Yule mwanamke akatua ndoo yake, akammiminia jirani maji ya injini.

Tulifika wasichana wamekwisha kupangwa mstari uwanjani. Nikasimama mwisho, miguu myekundu kwa tope. Pembeni alikuwapo baba mmoja na binti yake na godoro lao, wanasubiri atakayekosekana. Mwalimu akaanza kuita majina. "Chiku!"

Sikupepesa hata kope.

"Chiku kutoka Masasi!" Nilijua ni mimi, na nilijua pia kwamba mbele ya watu wote wale nikiitika nimejivua utu uzima niliopewa majuzi tu. Mwalimu akaita mara ya tatu, akainua kalamu, akamtazama yule baba mwenye godoro. Bibi yangu alisimama mlangoni mwa darasa. Naye hakuweza kulitamka.

Ndipo jirani akavuka uwanja na viatu vyake vya tope. "Shikamoo, mwalimu," akasema, na mwalimu alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Akaninamia sikioni. "Mjukuu wangu, gari langu kiwandani wamelipatia jina, kwenye kadi lina jina, na mimi nalo langu nalitunza nyumbani. Askari wa barabarani akiniuliza la kwenye kadi, namjibu la kwenye kadi. Mwenyeji hajapungua kitu. Itika la kwenye karatasi. Lako tutakutunzia sisi."

Nikamtazama bibi. Alikuwa amegeukia ukuta, khanga imefunika kichwa, vidole vimeziba masikio yote mawili, asije akasikia. Nikaelewa kwamba ameniruhusu.

"Nipo!" nikapiga kelele, mpaka wasichana wakacheka.

Nimesoma, nimefundisha, nimestaafu, na vyeti vyangu vyote vimeandikwa Chiku. Bibi na jirani waliitimiza ahadi yao: kila likizo nilipoteremka Masasi waliniita Somoe kabla sijatua mzigo. Sasa wamelala wote wawili. Gari lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Hata jina la Devili huko Amerika, nasikia, lilifupishwa likawa herufi tatu, kisha zikafutwa nazo. Ming'oko bado ipo sokoni, sisemi uongo, lakini watu wa kuniita Somoe hawapo; hata kaka yangu huniita dada tu. Aliyebaki mwisho alikuwa kungwi wangu, akafariki mwaka juzi, na tangu siku hiyo sijaitwa. Inaniuma kuliko nilivyotarajia.

Basi nimeamua, na sitaki majadiliano. Nimewakalisha wanangu nikawaambia: siku ya kunizika, kwenye kibao cha kaburi andikeni majina yote mawili, na Somoe litangulie. Wakatazamana. Mkubwa wao akasema kwa upole, "Mama, watu si watadhani mmezikwa wawili?"

Nikamjibu kwamba hawatakosea sana.