Sauti ya Nzembi Yarudi Sokoni

Jua la asubuhi linaanza kugonga mabati ya soko la mitumba karibu na Woodley, na Nzembi Muindi tayari amepanda juu ya benchi, sweta ya mtoto kila mkono.

"Mia, mia. Baridi haingoji mtu."

Sauti inakwaruza kidogo, lakini inafika barabarani. Akina mama wanageuka, wanacheka, wanakuja.

Mwaka jana sauti hiyo ilikatika. Kichwa kilianza kumuuma nyuma ya sikio, kisha uji ukawa unampalia. Akiutoa ulimi, unapinda upande mmoja. Mwishowe akabaki kunong'ona.

"Nilidhani ni vumbi ya nguo," anasema.

Katika hospitali moja jijini, picha zilionyesha saratani iliyoanzia kwenye pafu na kusambaa hadi mfupa wa chini ya fuvu. Huko ilibana neva zinazoendesha koo na ulimi. Nzembi hajawahi kuvuta sigara.

"Nikauliza daktari kama nitaongea tena. Akasema, 'Mama, tutajaribu.' Hiyo tutajaribu nikaishika na mikono mbili."

Bintiye, Kavutha, alishika biashara, lakini ni mpole, hajui kuita wateja. Siku Nzembi alipopita sokoni akitoka kwenye tiba ya mionzi, alimkuta Waithaka, jirani waliyegombania naye wateja miaka mingi, amesimama juu ya benchi la Nzembi akimnadia sweta.

"Kwake kukinyamaza, hata mimi siuzi," Waithaka anaeleza. "Watu hukuja juu ya kelele yetu."

Nzembi alilia, akacheka, akapaliwa, wakampigapiga mgongo.

Baada ya mionzi alianzishiwa vidonge vya kila siku. Maumivu yalitangulia kuondoka. Kisha asubuhi moja alimwita Kavutha kutoka jikoni, na Kavutha akaitika kutoka uani. Sauti ilikuwa imefika.

"Daktari hajanificha. Ugonjwa haujaisha, umetulizwa tu," anasema Nzembi. "Lakini leo nimekula mandazi na chai ikashuka vizuri. Sasa nilie nini?"

Yeye na Waithaka wamepata kibanda cha pamoja Kinoo, kando ya Waiyaki Way. Watakifungua kabla ya muhula mpya, wauze sare za shule.

"Ukija, usiniulize mambo ya ugonjwa kwanza," anasema. "Niambie saizi ya mtoto."