Alama Hafifu na Swali la Mama Hakimu

Siku moja bado naikumbuka vizuri, mwanangu, ile niliyoshuka kwenye basi Makambako, baridi ya Julai inakata masikio, nami moyoni nimeshaamua kuachana kabisa na ndoto ya sheria. Nakusimulia kwa sababu nimesikia nawe umekataliwa kusoma sheria kwa ajili ya alama zako, na kwamba tangu wiki iliyopita hutaki hata kutoka nje. Vuta kiti ukae karibu na jiko.

Digrii yangu ya kwanza niliimaliza kwa kuburuzwa. Nilipokuwa mwaka wa pili, baba alipooza upande mmoja, hata ulimi ukawa mzito. Mama peke yake asingeweza kumgeuza kitandani, kwa hiyo nikawa mtu wa kwenda na kurudi, chuoni na kijijini kwetu Kichiwa. Nilirudia mitihani hadi walimu wakanizoea. Baba alifariki mvua za kwanza zilipoanza, nami nikahitimu kwa daraja la chini kabisa. Nilipoomba kusoma sheria, chuo kilinijibu kwa ufupi kwamba sifa zangu hazitoshi.

Mama aliniambia, "Baba yako alikula kwa mkono wako mpaka siku ya mwisho. Usizionee haya alama hizo." Ndiye aliyenisukuma niende Makambako kumwona hakimu wa mahakama ya mwanzo, mama mmoja waliyekuwa wakiimba naye kwaya ujanani. Watu wote walimwita Mama Hakimu.

Nitakwambia ukweli, nilikwenda nikitumaini anamfahamu mtu huko chuoni. Nilimkuta nyumbani kwake anamenya viazi. Nikamwamkia, akaitikia, nami nikamwaga yote: ugonjwa, msiba, safari, mitihani. Nililia. Hakunikatiza. Nilipomaliza, akafuta mikono kwa kitenge chake.

"Pole sana, mwanangu. Baba yako nilimfahamu, alikuwa mtu mwema," alisema. "Sasa niambie, umefanya nini tangu hapo?"

Nikaanza upya habari ya msiba.

"Huko chuoni watakuuliza habari ya alama. Waeleze ya baba yako kwa sentensi moja, ya kweli, kisha ufunge mdomo. Kilichokuangusha watakielewa. Wanachotaka kujua ni kama umeshasimama. Na kama hujasimama, hata mimi sina la kukusaidia."

Maneno yale yaliniuma, mwanangu. Nilitaka kuaga. Lakini akaendelea, safari hii kwa upole, akasema Jumatatu niende mahakamani, nikae benchi la nyuma, nisikilize. Halafu niombe stashahada ya sheria, si digrii.

"Stashahada, mama? Nikae darasa moja na waliotoka sekondari juzi, na mimi nina digrii?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alinijibu, akarudi kwenye viazi vyake.

Jumatatu nilikwenda, shingo upande. Nikaenda tena na tena. Wanaofikiri sheria ni suti nyeusi na Kiingereza wangekaa nami benchi lile! Palikuwa na watu wa kuku, wa mipaka ya mashamba, wa mahari, wa ndugu wasiosalimiana, na wote walitaka kusikilizwa.

Kuna shauri moja lililonibadilisha. Bibi mmoja mjane alimdai shemeji yake ng'ombe wa maziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, hivyo alitoa ushahidi kwa Kibena, lugha ya kwetu, na kijana mmoja aliyeletwa na ndugu zao akawa anatafsiri. Bibi alieleza kwa kirefu. Kijana akasema kwa mkato, "Anasema ng'ombe alimpa shemeji yake." Wazee wa baraza, wanaokaa na hakimu kumshauri, wakatazamana. Shauri lilikuwa limekwisha. Bibi wa watu alitabasamu tu, akidhani ameeleweka.

Nilijikuta nimesimama. "Mheshimiwa, hakuishia hapo! Amesema alimpa amtunzie, mpaka nyasi zipatikane."

Mama Hakimu alinigeukia kwa ukali. "Binti, hapa mtu husimama akiitwa. Kaa chini!" Nikakaa. Kisha akamwuliza bibi upya, taratibu, na mzee wa baraza aliyekijua Kibena akathibitisha nilichosema. Siku ya hukumu bibi aliondoka na ng'ombe wake. Tangu hapo Mama Hakimu alikuwa akiniita mbele, ananiapisha, natafsiri.

Niliinama, mwanangu. Niliomba stashahada. Kwenye usaili mwalimu mmoja alishika matokeo yangu, akaniuliza, "Kwa alama hizi, sheria utaiweza?" Nikasema, "Baba alikuwa mgonjwa, nikachagua kumuuguza." Nikafunga mdomo. Kisha nikawasimulia habari ya neno "amtunzie". Walinipokea. Stashahada ikazaa digrii, digrii ikazaa uwakili, na wale wadogo niliodharau kukaa nao ndio walionisaidia kusoma pale nilipokwama.

Sikufika kwa nguvu zangu. Namshukuru mama aliyeniondolea aibu, namshukuru mwanamke aliyekataa kunihurumia kupita kiasi, na yule bibi ambaye hata jina langu hakulijua. Hata baba namshukuru. Miezi ile ya kumlisha uji ilinifundisha kumsikiliza mtu asiyeweza kusema vizuri, na hiyo ndiyo kazi yangu mpaka leo.

Basi sikia nasaha yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alama zako ni za kweli, usizifiche wala usizililie mlangoni kwa watu. Tafuta kazi inayogusa sheria, hata ya kujitolea, uifanye kwa moyo wote. Ukioneshwa mlango mfupi, inama uingie. Na atakayekukemea kwa kukupenda, mshukuru angali hai.

Mungu wa baba zetu akutangulie, akupe sikio la kusikia na ulimi wa haki. Wanyonge wakisimama mbele yako, wasiondoke mikono mitupu. Nenda, mwanangu, kaombe tena.