Walimwita Nyumbani, Naye Yuko Mahakamani

Wifi yangu ni fundi mapazia. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba vitatu, na mdogo wa marehemu akaona vyumba hivyo ni vingi kwa mjane mmoja. Akafungua kesi. Wifi hakuwa na habari mpaka dalali wa mahakama alipobandika karatasi mlangoni: ahame ndani ya siku kumi na nne. Eti aliitwa akakaidi, hukumu ikatolewa kwa kusikiliza upande mmoja.

"Mama, ulikataa wito," dalali akamwambia.

"Mimi hata mwaliko wa chai sikatai, sembuse wa mahakama."

Akaenda masijala kuomba faili. Karani akasema halionekani. Wifi akaketi kwenye benchi, akatoa pazia akaanza kukunja upindo. Siku ya tatu karani alichoka kumwona, na faili likaonekana.

Ndani mlikuwa na kiapo cha mpeleka samansi. Aliapa kwa Mungu kwamba Jumanne ya tarehe tisa, saa nne asubuhi, alimkuta wifi nyumbani kwake, akampa wito, naye akakataa kusaini "kwa maneno makali". Mungu amsamehe. Wifi hata kuku wa jirani humfukuza kwa kumwomba.

Tena Jumanne hiyo alikuwa mahakamani humohumo, juu ya ngazi, akitundika mapazia ya chumba namba mbili. Getini kila aingiaye huandikwa kwenye daftari la mlinzi. Wifi alikuwemo: kuingia saa mbili na nusu, kutoka saa tisa, shughuli mapazia. Akapata nakala, akaapa kiapo chake, akaomba hukumu itenguliwe.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa shemeji yake alisimama. "Mheshimiwa, huenda alitoka kidogo akarudi."

Hakimu akamgeukia wifi. "Ulitoka?"

"Hapana, Mheshimiwa. Uliniambia nisishuke mpaka nizibe upande wa jua."

Hakimu akamtazama vizuri. "Kumbe wewe ndiye Mama Mapazia?"

"Ndiyo. Kwenye faili nina jina jingine."

Watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Hukumu ikatenguliwa, kesi ikaamriwa ianze upya.

Nje, shemeji yake akamwambia, "Usifurahi, shemeji. Kesi ya nyumba bado hujaishinda."

"Najua, baba. Leo nimeshinda haki ya kuitwa tu."

Mpeleka samansi naye akaja na wito mpya, macho chini. Wifi akausoma mbele na nyuma, akasaini, kisha akamuuliza kwa upole, "Kwangu unapajua?"

Akaanza kukunja nakala yake.

"Ukipita mashine ya kusaga, mlango wa pili, wa bluu. Siku nyingine njoo, mwanangu. Usiponikuta, andika hukunikuta."