Mkono wa Roboti na Kifaransa Changu

Naona haya hata kusimulia, lakini bora mlisikie kwangu: baba yangu anatetemeka mpaka leo kwa sababu ya Kifaransa changu.

Papa ni fundi wa nguo, mtaa wetu wa Katoyi wote unamjua, na ule ugonjwa wa kutetemeka ulimtoa kwenye cherehani. Hospitali moja ya ng'ambo ikakubali kumpasua, nafasi moja tu, na daktari alikuwa atueleze namna ya upasuaji kwa simu ya video. Wakauliza kama tunahitaji mkalimani. Mimi (si nilisoma kwa mapadri, na nani hajaambiwa?) nikajibu, "Non, docteur, mimi niko." Tena nikaita majirani waje wanisikie!

Jumapili baada ya misa sebule ikajaa, mtandao unakatikakatika, daktari anaeleza, mimi naitikia "oui, oui" kwa madaha, kumbe nilichokamata ni "mkono wa roboti" na "badala ya mkono" basi, mengine nikajaza mwenyewe: "Papa, banasema batakata mukono yako, batakuwekea ya roboti."

Papa akasimama. "Mukono yangu? Hii yenye iliwasomesha? Itetemeke, lakini tutazikwa nayo!"

Daktari akauliza kama mgonjwa anakubali. Hapo sikukosea hata neno: "Il refuse," yaani anakataa. Simu ikakatwa.

Ndipo Mama Neema, jirani yetu muuguzi, aliyekuwa amenyamaza kwa heshima, akanigeukia mbele ya wote. "Weye! Roboti inashika sindano badala ya mukono ya munganga, ipitishe waya mu ubongo bila kukosea njia. Courant kidogo ya umeme ndiyo inatuliza mikono. Nani alisema kukata muzee?"

Watu walicheka, jamani, walicheka mpaka wakamwona Papa, wakaanza kuaga mmoja mmoja. Tulipopata tena mtandao siku iliyofuata, nafasi ilikuwa imepewa mwingine.

Nilimpigia Papa magoti nikamweleza ukweli, nikamwomba tutafute hospitali nyingine. Akakataa. "Mara ya kwanza ulisema vizuri. Sasa bamekufundisha kunidanganya."

Kinachoniua ni wageni. Kila wakija ananionyesha kwa fahari: "Huyu mutoto wangu, Kifaransa yake ndiyo iliokoa mukono yangu," huku chai inamwagikia suruali, na mimi napangusa bila kuinua macho.

Siku hizi nisiposikia Kifaransa cha mtu nasema sijasikia, hata mbele ya umati. Ila yule daktari hapigi tena.